Sitini na Nane

Alfajiri ya mwezi wa nne, Tabora. Nyuma ya wodi
umande umeshakaa kwenye majani
bila kumwomba mtu ruhusa.
Humu kwenye mtambo, ruhusa natoa mimi.

Kioo cha kipimo, kidogo kama ukucha wa gumba,
kinapozwa, kinapozwa,
hadi kinaona haya, kinafifia:
hasi thelathini na moja nukta tatu.
Naandika kwa penseli. Kalamu ina kiburi.

Wanafunzi wangu wakiuona ubaridi ule
hudhani wameuona ukavu.
Lakini umande hausemi maji ni kiasi gani,
unasema tu: hapa mvuke umekosa pa kujificha.
Uliza kwanza ulikuwa umebanwa vipi.
Watu kumi uwanjani, watu kumi kibandani kwa mlinzi,
ni kumi wale wale,
ila kibandani utasikia nani anakohoa.

Basi jedwali, lenye doa la chai kwenye safu ya barafu.
Kwa baridi hiyo mvuke husukuma
paskali thelathini na tatu na chembe.
Kuku akikanyaga mkeka anasukuma zaidi.
Nazigawanya kwa presha yote ya bomba,
nazidisha kwa milioni,
najua maji yamejipenyeza mangapi katika oksijeni.
Kikomo chetu: sitini na saba.

Geji inasoma baa nne.
Geji haidanganyi, ila haisemi yote:
huanza kuhesabu siku iliyozaliwa,
husahau hewa iliyoitangulia duniani.
Mhandisi Shomvi, aliyetufungia mtambo,
alituachia ukutani, kwa wino mwekundu:
ONGEZA MOJA NUKTA SIFURI MOJA.
Nikaongeza, nikagawanya.
Sitini na sita.
Imepita.

Sista Kalunde yuko mlangoni, sweta begani.
"Nkwabi, mitungi? Watoto wa nimonia wamekuwa watatu."
Mkono wangu uko kwenye valvu.

Sijui kwa nini alinijia shangazi Nyamizi,
muuza asali wa Kanyenye.
Alikuwa akichovya njiti ya kiberiti ndani ya asali,
anaikwaruza. Ikiwaka, anauza.
Siku moja ilifuka moshi, ikasitasita, ndipo ikashika.
Mteja akasema, inatosha, mama.
Akamjibu: inakutosha wewe.
Debe zima likawa wanzuki.

Shomvi ni mtu wa Kunduchi.
Kwao hewa imeshiba, inaegemea hadi chini kwenye chumvi.
Sisi tumepandishwa mita elfu na mia mbili,
hewa yetu imekonda, treni yenyewe hufika inahema.
Nukta themanini na nane, basi. Hatuna zaidi.
Nne, na nukta themanini na nane.
Nikafuta. Nikagawanya tena, polepole,
kama anayehesabu chenji ya mtu mwingine.

Sitini na saba nukta nane.
Sitini na nane, ukiwa mwaminifu.

Nani angeona? Chembe moja katika milioni,
na kipimo chenyewe kina kutetemeka kwake.
Lakini nilikuwa nimeshaona.
Nikamwambia Sista: mitungi minane ya juzi ingali kavu,
anza na hiyo, nipe saa tatu.
Hakuuliza. Alinitazama tu,
kisha nikasikia magurudumu ya toroli yakienda.

Nikafungua kikaushio. Punje zake, zilizokuwa nyeupe kama mchele,
zimekuwa na rangi ya ugali wa jana.
Nilizimwaga kwenye ndoo. Zilikuwa nzito.

Saa tatu kasoro kioo kilishuka,
thelathini na tano, thelathini na nane,
kikakataa kuona haya hadi hasi arobaini na moja.
Sikuisherehekea. Nilichukua pamba na spiriti
nikapanda kiti, nikafuta ukuta.
Wino mwekundu wa Shomvi hautoki wote.
Ukisogea karibu, chini ya sifuri yangu
bado kuna moja yake.